Uyoga wa Yai na Pacha Wake

Ninyi mnaobaki kwenye labo, siku ya kuniaga mliniomba niandike mambo ya kazi, hasa "ile ya uyoga". Nimewasikia mkiisimulia wenyewe. Mmoja anasema nilimkamata mchawi. Mwingine anasema niligundua dawa. Wa tatu anaapa kwamba uyoga ule niliula mimi, nikalazwa. Zote si kweli. Shida ni kwamba hata ile ya kweli sijaielewa vizuri mpaka leo. Nitaandika nilivyoona. Mambo ya vyeo nitayaruka, hayakuwa marefu.

Mimi ni mtoto wa gare, wa stesheni ya treni. Baba alitoka Ankoro kuja kufanya kazi ya reli hapa Kalemie, akamuoa mama, Mholoholo wa ziwani, na nyumbani tulisema kila lugha nusunusu. Nilipomaliza shule ya afya nilipelekwa labo ya hospitali kwa Papa Anaclet, mkubwa wa labo, mtu mwembamba mwenye mikono mirefu, aliyezaliwa Pepa, juu kwenye uwanda wa Marungu, kwenye ng'ombe na baridi. Nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi, nikidhani nitaonyeshwa mikroskopi. Siku nzima niliosha vioo. Kila nilipomletea kimoja alikiinua dirishani, akakirudisha kwenye ndoo.

"Kioo kikisafishwa vizuri," alisema, "unatafuta mahali kiliko."

Mikroskopi yetu ilikuwa ya kioo cha chini, si ya taa. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika, tuliisogeza dirishani tukakamata jua. Mawingu yakija kazi inasimama. Niliwahi kumwambia mama mmoja arudi jua likitoka. Alidhani namchezea, akaenda kunishitaki kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuja na hasira, akaangalia mbinguni, akarudi zake bironi, ofisini kwake.

Kitu ambacho Papa Anaclet hakukubali ni mtu kutaja jina la ugonjwa kabla ya kusema ameona nini.

"Unaona nini?"

"Malaria, Papa."

"Malaria haionekani. Unaona nini?"

"Pete ndogo ya buluu ndani ya damu, na nukta nyekundu."

"Aa. Sasa sema malaria."

Aliniuliza hivyo mpaka nikaanza kumuota.

Uyoga haukuwa kazi yetu. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba labo ya hospitali itapokea uyoga. Lakini mvua zikianza, watu waliotoka porini walipita na vikapu vyao, kwa sababu ilijulikana kwamba Papa Anaclet alilelewa na mama aliyeishi kwa kuokota uyoga. Alitenga kona ya meza, mbali na choo na makohozi ya wagonjwa, akaweka kisu kifupi, karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, na bakuli. Uyoga hautakiwi kung'olewa, alifundisha, unachimbwa, kwa maana siri yake iko mguuni, ndani ya udongo. Unaangalia kama mguu una pete. Unaangalia kama chini umevaa soksi, kile kifuko cha shinani. Unageuza kofia kuona kurasa zake zina rangi gani. Halafu unalaza kofia juu ya karatasi, unafunika na bakuli, na kesho yake unakuta imeachia unga. Kuna wa unga wa kijani; huo unarusha, unatapisha, hata kama umenona kiasi gani. Kuna wa kichuguu, wenye mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwa mchwa. Huo unaita jirani mkale.

Na kuna uyoga wa yai. Huo si wa kila mwaka. Hutoka kwenye msitu wa miombo baada ya mvua kubwa za kwanza, unakaa siku chache, unapotea, na kuna miaka hautoki kabisa. Unaanza kama yai jeupe lililozikwa nusu. Yai linapasuka, kinatoka kitu cha rangi ya siagi, kinafunguka kuwa mwavuli. Ukingoni mwa mwavuli kuna mistari midogo iliyopangwa kama meno ya kitana. Papa Anaclet alipoutaja alimeza mate. Watu wa Marungu, alisema, wanaweza kugombania mti ambao chini yake unatoka, ndugu kwa ndugu.

"Na wenye kuufanana?" nilimuuliza.

"Kwetu hauna wa kuufanana."

Nikaridhika. Angekuwa mtu mwingine ningemuuliza: ameona nini.

Kesi ya kwanza iliyonichanganya ilikuwa ya mchoma makala mmoja, yale makaa ya kupikia, bado nikiwa mgeni kazini. Aliletwa anatapika na kuhara, akisema alikula uyoga mweupe porini. Choo chake hakikuwa na kitu. Siku iliyofuata akawa mzima. Alikaa juu ya kitanda, akaomba bugali, akatushukuru mmoja mmoja, hata mimi niliyekuwa naosha vioo, akaenda. Siku chache baadaye alirudishwa amelazwa juu ya baiskeli, macho manjano kama embe lililoiva, hajui jina lake. Alikufa. Papa Anaclet alisimama muda mrefu dirishani na mikroskopi mbele yake, haangalii ndani.

"Alipona," alisema. "Wewe ulimuona. Alipona, ao hapana?"

"Alipona, Papa."

"Basi amekufa na nini?"

Uyoga wenyewe hakuna kati yetu aliyeuona. Swali lile tuliliacha hapo.

Miaka ikaenda. Papa Anaclet alipostaafu nilibaki na kona ya meza na kisu. Tukapata mikroskopi yenye taa, umeme ukawa bado ule ule, nikairudisha ya zamani dirishani. Halafu vita vya huku na huku vikaleta watu mjini. Walikuja kutoka Nyunzu, kutoka njia ya Moba, kutoka juu, wakajenga vibanda vya turubai kando ya mji. Na kolera, ambayo hapa kwetu haiendi mbali, ikajirudia. Upande mmoja wa hospitali yakapandishwa mahema yenye vitanda vya tundu, na Docta Mireille akapewa kuyasimamia. Alikuwa kijana, wa kutoka Lubumbashi, mwenye kulala kidogo na kuuliza sana. Tulielewana.

Asubuhi moja ya mvua waliletwa wawili kutoka kambini, juu ya pikipiki mbili. Mmoja alikuwa Papa Ramazani, mpakuaji wa bandarini, mtu wa mabega mapana. Si mkimbizi, nyumba yake ilipakana na kambi, na alikuwa amempa sehemu ya kiwanja chake mama mmoja mkimbizi ajenge. Wa pili alikuwa Zawadi, mjukuu wa mama huyo, msichana wa shule ya msingi. Wote wawili wanatapika na kuhara maji matupu. Nyuma yao, kwa miguu, na nguo zimelowa, akafika nyanya wa mtoto, Mama Honorine wa Pepa. Mkononi alishika kikapu.

Nilipima vyoo vyao mara moja. Cha Papa Ramazani kilikuwa wazi kabisa: chini ya mikroskopi vijidudu vinakimbia huku na huku kama nzi ndani ya chupa, na kipimo cha karatasi kikakubali. Kolera. Cha mtoto hakikuwa na kitu. Nilirudia, nikaomba kingine, nikarudia tena. Hakuna kitu.

"Walikula pamoja?" Docta Mireille alimuuliza Mama Honorine.

"Jana magaribi, Docta. Papa Ramazani njo alitupa mahali pa kulala, na mi sina kitu cha kumupa. Nilienda kwenye pori ya mulima, njia ya Moba, Mungu akanipa uyoga wa yai. Sikujua kama unatoka huku. Nililia kwa furaha. Nikamupikia."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula."

"Tumbo iko namna gani?"

"Kama unavyoniona."

Alisimama pale, mzima, amechoka tu kwa kutembea. Ndani ya kikapu kulikuwa na uyoga aliobakiza kwa ajili ya kuanika. Nilipeleka mezani. Miavuli mizuri, mipana. Rangi ya siagi, kurasa za njano hafifu, meno ya kitana ukingoni, soksi nyeupe mguuni. Sikuwa nimeuona kwa miaka mingi, lakini ulikuwa wenyewe. Ili nisijidanganye nilimtuma mtu kumwita Papa Anaclet. Alikuja amevaa kofia ya sufi, akauinua mmoja, akaunusa, akafumba macho.

"Njo wenyewe," alisema. "Crispin, huu hauuwi mutu."

Sasa nilikuwa na nini? Mtu mmoja mwenye kolera ya kweli. Mtoto mwenye dalili hizo hizo bila kolera. Nyanya aliyekula naye ni mzima. Uyoga ambao mwalimu wangu ameuapia. Kila nilichoshika kilikuwa sawa, na vyote pamoja havikukaa.

Docta aliwapa wote wawili serumu, maji ya mshipani, na siku ya pili wakawa wazuri. Papa Ramazani aliketi, akacheka, akasema kolera imekutana na mbeba magunia. Akaomba kuondoka, kulikuwa na mashua ya Kigoma inayopakuliwa. Wagonjwa wengine walikuwa wamelala chini wanangoja kitanda. Docta alimruhusu, na mtu yeyote angemruhusu. Mtoto naye alikuwa amekaa, anakunywa uji.

Mimi nilipita tu kuchukua vichupa. Nilipomuona mtoto anakunywa uji na kutabasamu, nikaviweka vichupa chini. Nilimkumbuka mchoma makala juu ya kitanda, akiomba bugali.

Nikachuchumaa kando yake. "Zawadi, mama yangu, ule uyoga ulikuwa mutamu?"

"Sana. Mi nilikula mayai."

"Mayai ya kuku?"

Alinicheka. "Mayai ya uyoga! Nkambo alituchomea mi na Papa Ramazani, ndani ya majani, na karanga. Yeye alikula yale makubwa yenye kufunguka. Alisema makubwa ni magumu, ni ya wazee."

Nilimtafuta nkambo wake, Mama Honorine. Alikuwa nje ya mahema, anafua nguo za mtoto kwenye maji ya dawa. Nilimuuliza kama ni kweli. Aliniangalia kama ninamuuliza kama anajua kupika.

"Yai njo laini, Papa Crispin. Mugeni unamupa yai. Mutoto unamupa yai. Kwani kwenu munafanya namna gani?"

"Na yalikuwa mayai ya huu huu uyoga?"

"Yalikuwa pamoja, chini ya miti ile ile. Yai ni yai."

Niliingia kwa Docta Mireille. Nilimwambia nilichosikia na nilichokiona zamani. Alinisikiliza amesimama, kalamu mdomoni.

"Papa Crispin, yule baba ana kolera. Wewe mwenyewe ulinionyesha."

"Anayo. Sikatai."

"Na uyoga umesema ni muzuri."

"Miavuli ni mizuri. Mayai sikuyaona."

"Unataka kuniambia ana vitu viwili kwa siku moja?"

"Sijui ninataka kusema nini, Docta. Mtoto asiende, basi. Naomba nifike porini nirudi."

Alitoa kalamu mdomoni. "Mutoto haendi. Kimbia."

Tulichukua pikipiki, mimi na Mama Honorine, tukapanda mlima wa njia ya Moba mpaka barabara ilipotukataa, tukamalizia kwa miguu. Ziwa lilikuwa chini yetu, jeupe kwa mvua. Alinionyesha mahali. Ilikuwa miombo mitupu, majani mapya mekundu, na chini yake, hapa na pale, mayai. Sikuwa nimeyaona mengi kiasi hicho maishani. Yalifanana kama ya kuku mmoja.

Nilichimba la kwanza, nikalipasua katikati kwa kisu. Ndani, chini ya ganda jeupe, kulikuwa na umbo la mwavuli mdogo uliojikunja, rangi ya siagi. Mama Honorine akatikisa kichwa, kama mtu anayengoja mwenzake amalize utani. Nikachimba la pili, hatua moja pembeni. Siagi. La tatu, siagi. Nilianza kujisikia mjinga. La nne nilipolipasua, lilikuwa jeupe. Jeupe ganda, jeupe ndani, jeupe mwavuli.

Nililaza lile la siagi na hili jeupe juu ya jani moja, kando kwa kando. Halafu tukaanza kutafuta miavuli, sasa tukijua tunatafuta aina mbili. Tukaipata, imechanganyika chini ya mti mmoja: huu wa meno ya kitana, na huu mweupe, mrembo, ukingo wake laini kama sahani. Wote wawili wamevaa soksi. Nilijua hata bila karatasi kwamba unga wa wote wawili ungekuwa mweupe. Miavuli yake Mama Honorine aliichagua vizuri; huu mweupe aliuruka bila hata kufikiri, kwa sababu haukuwa wake. Mayai hakuyachagua. Angeyachagua kwa alama gani? Nje ni kitu kimoja, na hakuna anayepasua yai la uyoga kabla ya kuliweka kwenye majani.

"Kwetu hakuna huyu," alisema.

Alikuwa ameketi chini, kwenye majani yaliyolowa, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Papa Crispin, kwetu hakuna huyu. Yai inatoka moja tu. Mama yangu alinifundisha, na mama yake. Hakuna huyu."

"Najua, Mama."

"Mi nilikula makubwa. Nilimupa mutoto mazuri."

Nilimshika mkono tukashuka.

Hatukwenda hospitali kwanza, tulikwenda bandarini. Papa Ramazani alikuwa kwenye gati, gunia begani, anapiga kelele na wenzake. Aliponiona aliliweka chini.

"Muganga! Umekuja kuangalia kolera inabeba saruji?"

Nilianza kumweleza, maneno yakanigongana. Mama Honorine alinipita, akapiga magoti mbele yake, pale mbele ya wapakuaji wote.

"Papa Ramazani, nilikupa kitu kibaya. Sikujua. Iko ndani yako bado. Rudi hospitali."

Wapakuaji wakashusha magunia yao. Hapa kwetu neno kama hilo, linalofanana na kukiri uchawi, mtu halisemi hadharani. Wako waliopigwa mawe kwa kusikika wakisema nusu yake. Mmoja wa wapakuaji akasogea na uso mbaya. Papa Ramazani alimsimamisha kwa mkono.

"Ulinipa chakula," alimwambia Mama Honorine. "Simama, matope hayo." Halafu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Lakini nimepona, Crispin. Najisikia nimepona. Ni namna gani hii?"

"Sijui kukueleza. Twende tu."

Akapanda pikipiki.

Docta Mireille aliyaangalia yale mayai mawili juu ya jani, akawaita wenzake wa Lubumbashi kwa simu, akafanya kila walichomwambia na vitu tulivyokuwa navyo, serumu, sukari, dawa zilizopatikana. Dawa yenyewe ya sumu ile mjini haikuwepo. Siku iliyofuata macho ya wote wawili yalianza kuwa manjano. Mtoto alilala tu, bila kulia. Papa Ramazani aliongea sana, kuhusu mashua, kuhusu kaka yake, halafu akaanza kuongea na watu ambao hawakuwemo. Niliwapima damu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa natafuta kazi ya mikono.

Nilikuwa na hakika mtoto ndiye atakayetangulia. Mwili mdogo, sumu ile ile, sahani ile ile. Aliyekufa ni Papa Ramazani. Zawadi alianza kupungua umanjano, akaomba samaki wa kukausha, akakemewa, akaomba tena. Nilimuuliza Docta kwa nini. Akasema labda alikula mayai machache. Labda mengi ya kwake yalikuwa ya siagi. Labda alitapika mapema. Labda kolera ilimwongezea yule baba mzigo, ao labda kwa muda fulani ilimsaidia kuutoa. Alihesabu hizo labda, halafu akaziacha, akaenda kunawa uso.

Nimefikiria miaka yote hii. Yai lipi lilikwenda kwenye sahani ipi, hakuna mikroskopi ya kuonyesha.

Baada ya mazishi maneno yalienea: mkimbizi amemlisha mwenyeji wake sumu. Kibanda cha Mama Honorine kilichanwa turubai. Nilikwenda matanga. Nilikuta wanaume nje wamekaa wamekunja nyuso, na ndani mjane, Mama Mwamini, kwenye mkeka. Nilitoa pole. Alinivuta mkono nikae.

"Papa Crispin, wewe ni mutu wa labo. Sitaki ya kunituliza. Alimupa sumu?"

Wa nje walisogea mlangoni ili wasikie. Ningesema hapana, ingekuwa uongo. Ilikuwa sumu, na yeye ndiye aliyempa. Ningesema ndiyo, wangekwenda kumuua kabla sijavaa viatu. Nikaona njia moja tu, kusema nilichokiona.

"Niliona mayai mawili ya uyoga yenye kufanana. Nilipasua, moja zuri, moja baya. Kwa inje mimi siwezi kuyatenganisha, na Papa Anaclet hawezi. Mama Honorine alichukua laini akampa mume wako na mjukuu wake. Magumu alikula mwenyewe."

"Mjukuu wake alikula?"

"Sahani moja na mume wako. Macho yake bado manjano. Njoo umwone."

Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Kwa hiyo alimupa mume wangu kitu kizuri kupita chake."

"Ndiyo."

"Na njo kilimuua."

"Ndiyo."

"Sasa nimukasirikie namna gani?"

Aliinuka, akasimama mlangoni na nguo zake za msiba, akawaambia wanaume wa nje kwamba mtu yeyote asimguse yule mama. Hakusema kwamba amemsamehe. Alirudi akaketi.

Mama Honorine hakuokota tena uyoga hapa. Njia ya juu ilipotulia alirudi Pepa na mjukuu wake. Mimi niliendelea na kona yangu ya meza kwa masharti mapya: mayai yote yanapasuliwa, kila moja, na asiyetaka yake yapasuliwe aende nayo nyumbani kwa hatari yake. Watu walinilalamikia kwamba nawaharibia chakula. Papa Anaclet alikuja mara moja, akaomba nimwonyeshe ule mweupe. Aliushika muda mrefu. "Kwetu hakuna huyu," alisema, sauti ile ile ya Mama Honorine, akaurudisha mezani taratibu.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, lori la kutoka Pepa lilileta kifurushi. Uyoga mkavu, umekatwa vipande, umefungwa katika mafungu mawili. Dereva aliniletea na maneno: fungu moja langu, moja la Mama Mwamini. Kwenye simu yake kulikuwa na sauti ya Zawadi, msichana mkubwa sasa: "Papa Crispin, ni ya huku kwetu, nkambo alichagua yeye mwenyewe, mi nimekula na niko muzima."

Mke wangu Godelive aliviweka mezani, tukaviangalia. Uyoga ukikauka hauna soksi, hauna kitana, hauna siagi. Ni vipande vya kahawia. Kila nilichofundishwa na kuwafundisha ninyi hakina pa kushika hapo. Godelive akauliza: "Tunakula ao hatukule?" Tulikula, Jumapili, na sombe ya majani ya muhogo. Msinifuate katika hilo. Siku zilizofuata nilijiangalia macho kwenye kioo kila saa kama msichana anayeolewa, na sijui mpaka sasa nilikula kwa sababu ya elimu gani.

Nilipoona sijaugua nilimpelekea Mama Mwamini fungu lake. Nilikuwa nimelikalisha nyumbani, nikiwaza kulitupa na kusema limepotea njiani. Nilimwambia limetoka kwa nani. Hakulishika. Alinifanya niliweke kwenye kiti kitupu.

"Wewe ulikula ya kwako?"

"Nilikula."

"Na uko."

"Niko."

Alilitazama. Kuku aliingia akataka kulidonoa, akamfukuza kwa kanga.

"Kutupa siwezi," alisema. "Kula siwezi. Acha nifikiri."

Akalichukua mwenyewe, akalining'iniza kwa kamba juu ya jiko la makala, panapopita moshi, ili wadudu wasiliingie. Nimepita kwake mara kadhaa tangu hapo kumsalimia. Bado liko pale. Juma lililopita kamba yake ilikuwa mpya.